Kahawa ya Haya Basi

Stipo alikunywa finjani moja ya kahawa akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori la Zaim, akairudisha kwenye sinia, akafuta masharubu kwa mgongo wa glovu. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha greda la theluji katika uwanda wa Kupres, na asubuhi ile alikuwa ameshaifungua barabara mara mbili.

"Nisamehe, shemeji," alimwambia Devleta, mke wa Zaim. "Nikikaa kwa ya pili, njia itaziba. Kaka Zaim, nifuate sasa hivi. Mita mia nyuma yangu, isizidi."

Akashuka, akapanda greda, akaondoka. Zaim alikuwa ameshashika ufunguo.

Hapa ndipo safari ilipoharibika. Nasema hivyo waziwazi, maana wengi wa kwetu Bugojno hupenda kusema iliharibika baadaye, kwenye jeki. Jeki ni chuma tu. Iliharibika pale Devleta alipouondoa mkono wa mumewe kwenye ufunguo.

Kwetu mgeni hunywa kahawa tatu. Ya kwanza ni ya karibu, anapewa kabla hajakaa sawasawa. Ya pili ni ya maongezi, na hiyo haina saa. Ya tatu ni ya haya basi. Ikishaletwa ya tatu mgeni anajua mwenye nyumba amechoka, anakunywa, anatafuta viatu vyake. Hakuna anayeikataa na hakuna anayenuna. Ila kunywa moja na kukimbia, kama alivyofanya Stipo, huko ni kukosa adabu hata kama mbingu inaanguka.

Tena mwaka ule kahawa ilikuwa haba nchini kote. Watu walifunga robo kilo wakapeleka harusini kama zawadi. Kahawa ya Zaim ilitoka kwa mwanawe Enver, aliyekuwa akifanya kazi Ljubljana. Aliinunua mbichi ng'ambo ya mpaka, Trieste, akaituma ndani ya buti la mvua. Devleta ndiye aliyeikaanga. Lakini ndani ya lori hakuruhusiwa kuigusa. Kwa miaka ishirini Zaim alikuwa na sheria yake: nyumbani apike mke, barabarani apike yeye. Juu ya mfuniko wa injini, katikati ya viti viwili, aliweka jiko dogo la gesi, kisufuria cha shaba chenye mpini mrefu, kinu cha shaba cha kusagia kwa mkono, na sinia yenye finjani tatu: yake, ya abiria, na moja ya yeyote atakayetokea. Wenzake walimcheka kwamba anaendesha mkahawa wenye magurudumu. Yeye aliwajibu kwamba angalau kwake hawatakuta kahawa ya mashine.

Devleta hakuwa na kawaida ya kusafiri naye. Safari hiyo alikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa imemshinda. Enver alikuwa ameondoka, Zaim alikuwa haonekani, na yeye alikuwa amebaki na paka.

"Miezi mitatu nakuona ukivua viatu na kuvaa viatu," alimwambia pale Kupres. "Leo humu mimi ni mgeni wako. Nataka ya maongezi."

Zaim alilitazama greda linavyopotea kwenye weupe. Kisha akacheka, akauacha ufunguo, akaanza kuzungusha kinu.

Walikaa dakika ishirini na tano. Waliongea kuhusu miti ya plamu ambayo Zaim aliahidi kuipanda akiacha barabara, na kuhusu msichana wa Kislovenia ambaye Enver alimtaja katika barua mbili mfululizo, jambo ambalo Devleta alisema kwa mwanamume wa ukoo ule ni sawa na kuposa. Alifurahi. Niseme tu kwamba alifurahi sana, maana alilia kwa ajili ya furaha hiyo miaka mingi.

Walipoondoka, alama za greda zilikuwa zimeanza kujaa.

Uwanda wa Kupres hauna kilima wala msitu wa kuuzuia upepo. Kwa kilomita nane Zaim aliendesha akifuata fito za kando ya barabara, dirisha likiwa wazi, kichwa kikiwa nje. Nyuma walibeba mbao nzito za kupeleka Split, na uzito huo ulisaidia matairi kushika. Walipoanza kupanda Malovan upepo uligeuka ukaja kwa ubavu. Fito zikapotea. Zaim alisimama, akasikiliza kana kwamba barabara ingemwita, akasogea taratibu, na gurudumu la mbele upande wa kulia likashuka mtaroni. Lori lililala kidogo, likatulia.

Hakuwa mtu wa kupaniki. Alivaa koti, akachukua minyororo ya matairi, koleo na jeki, akamwambia mkewe asizime injini. Alichimba, akaweka ubao chini ya jeki, akainua, akaingia mwili mzima chini ya lori ili aivute minyororo kutoka upande wa ndani. Chini ya ubao ule hapakuwa na ardhi. Palikuwa na barafu, na chini ya barafu palikuwa na maji ya mtaro.

Devleta alisikia lori likishuka kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Kisha akamsikia Zaim. Hakupiga kelele. Aliita jina lake mara moja kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana akajua kwamba ni jambo kubwa.

Ekseli ilikuwa imelala juu ya paja lake la kushoto. Jeki ilikuwa imezama, haionekani. Mwanamke wa miaka hamsini na minne hawezi kuinua lori lenye mbao, kwa hiyo hakujaribu. Alichimba chini ya mguu. Alichimba kwa koleo, kisha kwa ile minyororo, akigonga barafu, kisha kwa mikono, mpaka mguu ukapata nafasi ya kushuka na akaweza kumvuta. Alimlaza juu ya turubai, akamburuta mpaka mlangoni. Akapitisha mkanda wa mizigo chini ya makwapa yake, akauzungusha kwenye usukani, akavuta huku Zaim akijisukuma kwa mguu mzima. Kazi hiyo ilikula saa nzima. Walipoingia ndani wote wawili walikuwa wanatetemeka kiasi cha kushindwa kufunga mlango.

Paja lilikuwa limevunjika juu ya goti. Ngozi haikupasuka, lakini mguu ulivimba huku wakiutazama. Devleta alivunja ubao mmoja wa mzigo vipande viwili, akamfunga mabanzi kwa shali yake na mshipi wa suruali.

"Kaza," Zaim alisema.

"Nimekaza."

"Kaza kama unafunga mzigo, siyo kama unafunga mtoto."

Akakaza. Zaim akauma kola ya koti.

Injini iliwapa joto mpaka jioni. Halafu dizeli ikaanza kuganda, injini ikakohoa mara tatu, ikazima. Baada ya hapo palikuwa na upepo tu.

Siku ya pili dhoruba haikupumzika hata kidogo. Theluji ilipanda ikafika nusu ya mlango. Walikuwa na nusu mkate, kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, kitunguu, vipande vya sukari, na kahawa. Maji hayakuwepo, ila theluji ilikuwa tele, na Devleta alijifunza upesi kwamba kisufuria kilichojaa theluji kinatoa maji ya kufunika kitako tu. Kila alipowasha jiko alishusha kioo kidole kimoja ili hewa ipite, na baridi yote ya Malovan iliingia kwa kidole hicho. Alimnywesha Zaim maji ya vuguvugu kwa kijiko. Alimsugua vidole vya mguu uliovunjika. Asubuhi vilikuwa vyeupe. Mchana vilikuwa vya buluu.

Kahawa aliipika Zaim mwenyewe. Sheria ni sheria, alisema. Alijiegemeza kwenye mlango, akaweka kinu katikati ya magoti ya mkewe na kuzungusha kwa mkono mmoja, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Alichemsha maji, akamimina kidogo pembeni, akatia kahawa, akaongeza maji, akasubiri povu lipande, akalishusha kabla halijamwagika, kisha akarudisha yale ya pembeni. Alijaza finjani zote tatu, ile ya tatu pia. Walipomaliza zao waliigawana ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyetokea.

"Maji ya theluji hayana ladha," alilalamika. "Ni kama kupika kwa hewa."

"Mwenye mkahawa akilalamika, mteja afanye nini?"

"Mteja alipe aondoke."

Alicheka, kisha akashika tumbo. Devleta alimfunua koti. Uvimbe ulikuwa umepita nyonga, na ngozi ilikuwa na rangi ya plamu. Mkojo wake tangu asubuhi ulikuwa mweusi kama masalio ya kahawa. Devleta hakuwa daktari, lakini alikulia kijijini, alikuwa ameona ng'ombe walioangukiwa na miti. Alimfunika tena na kumwambia kwamba mguu unaonekana vizuri kuliko jana.

"Umekuwa mwongo uzeeni," Zaim alisema.

Hapo ndipo Devleta alipoyatoa yaliyokuwa yakimkaba. Alimwambia kwamba ni yeye aliyewafikisha hapo. Kwamba bila ile ya pili wangekuwa nyuma ya Stipo, wangekuwa wameshafika Split, wangekuwa wanakula samaki. Alisema anamwona Stipo akigeuka na kuwatazama na wao hawapo. Zaim alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana usingizi, akageuza uso. Devleta alikaa macho akimsikiliza anavyopumua, na hakuna saa ndefu kama hizo.

Asubuhi ya tatu alizinduliwa na ukimya. Upepo ulikuwa umekata. Alishusha kioo, akatoka mpaka kiunoni, akaona mbingu ya buluu na weupe usio na mwanzo. Barabara haikuwepo. Lakini nguzo za simu zilikuwepo, ncha zake zikiwa juu ya theluji, zikishuka kuelekea Šujica. Na mbali, pale nguzo zilipokuwa ndogo kama njiti za kiberiti, moshi ulikuwa ukipanda wima. Ilikuwa nyumba ya watunza barabara, ambako Stipo hulaza greda lake. Kilomita tatu, labda nne. Kaskazini, juu ya milima, mawingu mengine yalikuwa yameanza kujipanga.

Alimweleza Zaim. Alimwambia pia, kabla hajaulizwa, kwamba haendi popote. Watu watakuja. Greda litapita.

"Saa ngapi?" Zaim aliuliza.

"Litapita tu."

"Stipo anadhani tumerudi Kupres. Hana habari ya kututafuta. Simu zimekatika, angemuuliza nani?" Midomo yake ilikuwa imepasuka na alisema polepole. "Haya. Nipe kinu."

Kahawa iliyobaki ilikuwa ya mara moja. Gesi pia; moto ulikuwa wa manjano, unaruka. Zaim alikataa kusaidiwa. Alizungusha kinu, akapumzika, akazungusha. Ilimchukua muda mrefu kuliko kufunga minyororo kwenye matairi manne. Devleta alishika jiko lisitikisike, akidhani anampa raha yake. Povu lilipanda. Moto ukazima wenyewe dakika ileile, kana kwamba walikuwa wamepatana. Zaim akajaza finjani tatu, akafunika ile ya tatu kwa kisahani, na akamsogezea mkewe sinia kwa mikono miwili, kama anavyofanyiwa mgeni mkubwa.

"Hii ni ya haya basi," alisema.

Devleta aliitazama finjani.

"Hiyo ni ya wageni," alisema. "Mimi ni mkeo."

"Nyumbani. Humu anapika nani?"

Devleta aligeukia dirisha.

"Miaka ishirini humu anapika nani, Devleta?"

"Wewe."

"Basi mwenye nyumba ni mimi. Na ulisema kwa mdomo wako kwamba wewe ni mgeni. Umekunywa ya karibu, umekunywa ya maongezi, tena hiyo umeirudia siku mbili." Alipumua. "Nimechoka na wageni. Kunywa, utafute viatu vyako."

Devleta alijaribu kukasirika. Alimwambia ni mzee mkaidi, kwamba mama yake alimwonya kuhusu watu wa mtaa wao, kwamba akimwacha hapa Enver hatamsamehe. Zaim hakubishana. Alishika finjani yake tu na kumsubiri, maana mwenye nyumba hanywi kabla ya mgeni. Kahawa ilikuwa inapoa. Katika maisha yake yote Devleta hakuwahi kumwona mtu akiikataa kahawa hiyo, na hakujua inakataliwaje. Alichovya kipande cha sukari, akakiuma, akanywa. Ndipo Zaim naye akanywa.

Alimfunika kwa blanketi mbili, turubai na koti lake mwenyewe, ila Zaim alilirudisha koti. Alipofungua kioo kutoka, Zaim alimwita.

"Ile ya pili," alisema. "Ya Kupres. Ilikuwa nzuri."

Devleta alijifunga miguuni vipande viwili vya ubao kwa mikanda ya mizigo, ili asizame. Hata hivyo alizama. Pale theluji ilipokuwa ngumu alitembea; pale ilipokuwa laini ilimfika kiunoni, naye alilala kifudifudi juu ya ubao na kujisukuma kama mtu anayeogelea nchi kavu. Alikuwa akienda kutoka nguzo hadi nguzo, akigusa kila moja kwa kiganja. Hakugeuka kutazama nyuma. Aliniambia mwenyewe kwamba angegeuka mara moja tu asingefika, kwa hiyo akaukazia macho ule moshi na kumtukana Zaim kwa sauti, kila tusi alilolijua, na yalipokwisha akaanza upya. Kwenye nguzo ya arobaini na kitu ubao mmoja ulikatika. Nguzo kumi baadaye hakuhisi tena vidole vya mkono wa kulia. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya kichwa chake na theluji mpya ilianza, nyembamba, bila upepo.

Mbwa ndiye aliyemwona kwanza. Stipo alitoka akiwa na kijiko cha supu mkononi, akamwona mwanamke anatambaa kwenye uwanja wake, na akamjua.

"Shemeji?" alisema. "Si mlirudi?"

"Yuko Malovan. Mguu umevunjika. Washa greda."

Stipo na wenzake walitaka abaki, apashwe moto mikono. Alipanda kwenye greda kabla yao. Stipo aliendesha na watu wawili wenye makoleo walisimama nyuma, na njia nzima Stipo hakunyamaza: kwamba alitazama kioo cha nyuma hakuona taa, kwamba alidhani Zaim, mwenye akili kuliko yeye, amegeuza, kwamba alifurahi hata, kwa ajili yao. Devleta alimwambia aangalie barabara.

Ilikuwa saa saba mchana walipolifikia lori. Walichimba mlango wa upande wa abiria, na wote wakampisha aingie yeye kwanza.

Zaim alikuwa amekaa vilevile, ameegemea mlango, kofia imenyooka. Uso wake ulikuwa umetulia na ulikuwa baridi. Finjani yake alikuwa ameipindua juu ya kisahani, kama afanyavyo mtu aliyekunywa akamaliza. Ile ya tatu ilikuwa bado imefunikwa. Devleta alimfumba macho kwa mkono usiohisi kitu, akamsomea dua kwa sauti ndogo, na hakulia hapo. Alikaa kwenye kiti cha abiria, kiti chake, akamshika goti zima.

Stipo alikuwa amesimama kwenye ngazi, palepale aliposimama siku ya kwanza, kofia mkononi. Alikuwa amepiga ishara ya msalaba. Aliitazama sinia kwa muda. Alifunua kisahani, akakuta kahawa imeganda, nyeusi, ngumu.

"Hii ni ya nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ya atakayetokea," Devleta alisema.

Stipo aliishika finjani kwa viganja viwili, akaipulizia, akaiingiza ndani ya koti kifuani. Wale wawili walikuwa wanangoja na theluji ilikuwa inazidi, lakini hakuna aliyemharakisha. Ilipoyeyuka alipanda ndani, akafunga mlango, akakaa kwenye mfuniko wa injini, katikati ya mume na mke. Akanywa taratibu, mpaka kwenye masalio. Mtu mzima yule alikuwa analia bila kujificha.

Devleta alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Enver alioa yule Mslovenia, na alipokuja na mkewe alipanda plamu kumi na mbili nyuma ya nyumba. Sasa huwa wanagawa matunda mtaa mzima. Kinu kipo, na sinia ipo, na Stipo alikuwa akija kila mwaka mpaka magoti yake yalipokataa.

Ukienda kwa Devleta utapewa ya karibu kabla hujakaa. Utapewa ya maongezi, na ikiisha atapika nyingine ya maongezi. Ya tatu haiji. Wageni wa nyumba ile hawajui waondoke saa ngapi. Hukaa, hutazamana, mpaka mmoja anajikaza, anasimama mwenyewe na kwenda kutafuta viatu vyake mlangoni. Hapo Devleta humfuata, mkono wenye vidole vitatu ukiwa umeshika kinu.

"Kaa kidogo," humwambia. "Bado mapema."